Mkono wa Kushoto Kwenye Sinia

Mpwa wangu alilishwa kwa mkono wa mtu mwingine mpaka meno mengi ya utoto yakawa yameshamng'oka. Nalisema hili mwanzo kwa sababu watu wakisikia habari zake huuliza ugonjwa: homa ilianzaje, alinyweshwa kombe gani, nani alimtazama kwa jicho baya. Ugonjwa ulikuwa jambo la siku chache. Yaliyofuata, miaka yote ile, yalikuwa kazi yetu wenyewe, na tuliifanya kwa bidii.

Homa ilimpata akiwa bado hajasimama. Ilipomwacha, upande wake wa kulia ulikuwa si ule tena. Mguu aliuburura kidogo, na mkono ulikunjika kiwikoni ukajibana kifuani, vidole vimefumba ngumi na dole gumba limejificha ndani. Upande wa kushoto ulibaki mzima. Akili ilibaki nzima, tena kali kuliko ya wengi waliomwonea huruma. Mama yake, ambaye ni dada yangu, alikuwa ameachwa. Akaolewa tena Makangale, na mume mpya akasema hachukui mtoto wa watu, seuze mgonjwa. Sijamsamehe mtu yule, wala sijawasamehe wazee waliomsikia wakatikisa vichwa kana kwamba amesema neno la maana. Mtoto akabaki nyumbani kwetu, katika kijiji cha mikarafuu nje ya Chake Chake, na mama yangu ndiye aliyemlea.

Mama alimwosha, akamvika, akamsuka nywele, akamfunga mtandio, akamlisha. Mtoto akinyoosha mkono kuchukua kata ya maji, mama alikuwa ameshaichukua. Akitaka kuinuka, alikuwa ameshainuliwa. Majirani walisema bibi yule ana pepo yake. Mimi nilipomaliza masomo chuo kikuu cha bara na kurudi kungoja kupangiwa kazi, nilikaa nyumbani muda mrefu kuliko nilivyopata kukaa tangu utotoni, na nikayaona mapenzi yale kwa karibu. Yalinitia hofu. Nilimwona mtoto wa miaka minane au tisa ambaye hakuna jambo moja, kuanzia alfajiri mpaka isha, aliloruhusiwa kulianza na kulimaliza mwenyewe.

Wakati wa chakula ndio ulionichoma zaidi. Sisi tulikula kama watu wote wanavyokula: sinia moja la wanaume barazani, sinia moja la wanawake na watoto uani, kila mmoja amekaa upande wake, na maneno yanakwenda pamoja na matonge. Habari zote za kijiji zilipita siniani. Nani kachumbiwa, nani kagombana na mkwewe, nani kaanguka mkarafuu kwa kujitia kijana. Mpwa wangu hakuwahi kuwamo. Yeye alikalishwa chumbani juu ya kitanda, mama akaingia na bakuli, akamlisha tonge baada ya tonge mpaka bakuli likaisha, kisha ndipo mama mwenyewe akaenda kula kilichobaki.

Siku moja nilimkuta nyuma ya jiko. Alikuwa amechuchumaa, kipande cha muhogo wa kuchemsha amekibana kwa magoti, na kwa mkono wa kushoto anauondoa mzizi wa katikati na kula. Alikula upesi, vizuri, bila kudondosha hata chembe. Aliponiona alishtuka, akautupa muhogo.

"Okota," nilimwambia. "Kwani umeiba?"

"Usimwambie bibi."

Hakukuwa na haja ya kumwambia. Mama alikuwa ameshatokea na mwiko mkononi, na kofi lilikwishatua juu ya mkono ule mzima.

"Mkono wa kuchambia huo! Shetani ndiye anayekula na kushoto. Unataka kula na shetani weye?"

"Mama," nilisema, "wa kulia hauwezi. Ale na upi?"

"Ale na wangu."

"Na ukifa?"

"Nikifa mtanizika. Usinitie mkosi mchana kweupe." Akaufuta mkono wa mtoto kwa kanga yake kana kwamba muhogo ni kinyesi. "Kwani huko ulikokuwa watu hula na kushoto?"

"Hula kwa uma. Na uma huushika kwa kushoto."

"Astaghafirullah." Akanitazama. "Na weye ulikula hivyo?"

Kwa muda wa wiki nzima mama alinisogezea maji ya kunawa mara mbili kila chakula.

Nilimwomba anipe mtoto nimpeleke hospitali ya Chake. Nilikuwa nimesikia kwamba kuna mtaalamu wa viungo, mwanamke wa Kizungu anayekuja kutoka Unguja mara kwa mara kutazama watoto waliopooza. Mama alikataa, kisha akakubali kwa sharti kwamba aje naye, kwa sababu hawezi kumwacha mjukuu wake alishwe na watu asiowajua. Tukapanda lori asubuhi, sisi watatu, na bakuli la wali limefungwa kitambaa.

Nataka kuwa mwadilifu kwa mwanamke yule, ingawa hasira yangu haipendi. Maneno yake yalikuwa mazuri. Alisema mtoto hajifunzi kwa kunyooshwa vidole na mtu mwingine, hujifunza kwa kufanya jambo. Alisema kazi ya mtoto ni mchezo, kwa hiyo tiba ianzie mchezoni. Alisema yeye humwona mtoto kwa muda mfupi tu, ila nyumbani ndiko mtoto anakoishi, kwa hiyo bibi na mjomba ndio waganga wa kweli, na yeye ni wa kuwaonyesha njia. Nilitafsiri yote hayo. Nilijiambia: huyu anajua.

Kisha akaleta sanduku. Alitoa vipande vya mbao vilivyopakwa rangi, akamwambia mtoto avipange kimoja juu ya kingine. Alitoa ubao ulioshonewa vitambaa vyenye vifungo, ili mtoto ajifunze kufunga na kufungua. Nyumbani kwetu nguo pekee yenye vifungo ilikuwa shati langu. Alitoa kijiko. Hakuuliza mtoto anakula nini, anakula wapi, anakula na nani, kama anakula mwenyewe au analishwa. Hakuuliza kitu chochote ambacho jibu lake lingemtoa nje ya sanduku lile. Na mtoto alipochukua mbao kwa mkono wake wa kushoto akazipanga zote haraka, mnara mrefu ulionyooka, akatabasamu kutusubiri tumsifu, mwanamke yule aliubomoa. Alisema hapana, huo si mkono tunaoutaka. Akachukua bendeji, akaufunga ule mkono mzima kiunoni kwa mtoto, akasema: sasa panga.

Mtoto alizitazama mbao. Akamtazama bibi yake. Ngumi yake ya kulia ikatetemeka kidogo juu ya meza, basi.

"Anasema nini?" mama aliniuliza.

"Anasema wa kushoto ufungwe, muda mfupi tu, wakati wa kucheza, ili wa kulia ulazimike kuamka. Na mimi nasema sikubaliani naye."

"Lako weka. Lake ndilo nalitaka." Uso wa mama ulikuwa umeng'aa kama wa mtu aliyeshinda kesi. "Mwambie hata sie ndivyo tunavyosema. Siku zote tunasema. Kushoto kufungwe."

Nikamwambia. Yule mtaalamu alifurahi sana. Alinishika bega, akasema ni nadra kupata familia inayoelewa upesi hivi.

Mpaka leo nikikumbuka meza ile nataka kuipindua. Huyu mmoja anafunga kwa ajili ya elimu, huyu mwingine anafunga kwa ajili ya dini, hawajui hata salamu za mwenzake, lakini wamepeana mikono juu ya kichwa cha mtoto. Ilikuwa zama za siasa. Watu wa kijiji chetu walikuwa wamegawanyika hata kisima, mtu wa chama hiki hamwamkii mtu wa chama kile, na mazishi mengine yalikosa wachukuzi. Hakuna jambo moja walilokubaliana. Ila nenda nyumba yoyote, ya chama chochote, ya Mpemba mkulima au ya Mwarabu mwenye shamba, ukaulize kama mtoto aliyepooza mkono wa kulia ale na wa kushoto. Hapo umoja wetu ungeuona.

Nyumbani bendeji ilichafuka, mama akachana ukingo wa kanga ya zamani. Mwanzo alimfunga wakati wa mchezo, kama alivyoagizwa. Kisha akaona mchezo wenyewe ni kuchezea mbao, upuuzi, akaona heri amfunge wakati wa chakula, kwani huko ndiko shetani aliko. Kisha akamfunga tangu asubuhi. Nikimwambia, hunijibu, "Dawa haizidi. Si wewe uliyenipeleka hospitali?" Bakuli liliwekwa mbele ya mtoto pamoja na kijiko, kijiko kikabanwa kwenye ngumi, na mama, aliyemlisha miaka yote, sasa akakaa mikono mapajani akisubiri mkono wa kulia uamke. Kijiko kilianguka. Mama akakiokota. Kikaanguka tena. Wali ulimwagika kitandani, na mtoto akaambiwa, kwa upole mkubwa, ajitahidi.

Alijitahidi. Halafu akaacha. Hakulia wala hakugomba. Alifumba mdomo tu. Mama aliporudi kwenye matonge yake ya zamani, mtoto alikataa hayo pia. Akageuza uso ukutani. Akaanza kukonda, akakonda mpaka mabega yakachongoka chini ya gauni. Mama alilia, akasoma dua, akatengeneza uji wa kila namna, akamwita jirani amtazame kama kuna hasadi. Mimi nilikuwa nikizunguka nyumba kama mbuzi aliyefungwa kamba. Nilikuwa na shahada, nilikuwa nimesoma falsafa na historia za mataifa ambayo mama yangu hakuwahi kuyasikia, na sikuweza kufungua fundo moja la kanga bila kuvunja nyumba. Kila nilipolifungua, mama alilifunga tena nikitoka, na mtoto ndiye aliyelipa kwa kuvutwa huku na huku.

Nikaenda kwa mwalimu wa chuo, yule aliyenisomesha Kurani nikiwa mdogo. Nilikwenda kwa ugomvi, nimejiandaa kujadiliana naye hoja kwa hoja. Akanikatisha tamaa ya ugomvi. Alisema pale pale, bila kuinua macho kutoka kwenye mswaki aliokuwa akiuchonga, "Mwenye udhuru hana dhambi. Wa kulia haufanyi kazi, ale na wa kushoto. Hili wala si suala la kuuliza."

"Basi kwa nini hukumwambia mama?"

"Hakuniuliza."

"Na mtoto kwa nini hayupo chuoni kwako?"

"Hakuletwa."

Nilitaka kumshika kanzu nimtikise. Mtu ana maneno ambayo yangeweza kumlisha mtoto, na ameyaweka mdomoni miaka yote kwa sababu hakuulizwa! Nikarudi mbio kwa mama kama niliyebeba hirizi.

"Mwalimu kasema ana udhuru."

Mama alikuwa akitwanga. Hakusimama. "Nalijua hilo kabla hujazaliwa."

"Unalijua?"

"Mie mtoto wa chuo, baba. Mungu keshamsamehe, sina shaka nalo. Je, watu?" Mchi ulishuka. "Nani atakaa naye sinia moja? Harusini nani atamsogezea? Watainuka mmoja mmoja, wamwache na sinia zima peke yake. Nimeona kwa macho yangu, kwa mwanamke mwingine, nilipokuwa mwari. Bora asikae kabisa kuliko kukaa akainukiwa."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba shetani hakuwa na habari zozote na jambo hili. Sikupoa. Nilizidi. Mtoto alikuwa amefichwa chumbani ili asitendewe na watu lile lile tulilomtendea sisi kwanza. Na nilikasirika zaidi kwa kuwa mama hakuwa mjinga. Ujinga ningeweza kuufundisha.

Katika kelele zote hizo, za mtaalamu na mama na mwalimu na mimi, yuko mmoja ambaye hakuna aliyempa nafasi ya kusema neno. Asubuhi moja mama akiwa amekwenda kisimani, nilikaa kando ya kitanda.

"Sema na mie. Unataka nini?"

Alifikiri kwanza ni mtego. "Nini vipi?"

"Chochote. Kitu unachotaka kufanya."

"Kuchambua," alisema. "Nataka kuchambua karafuu na wenzangu."

Ilikuwa msimu. Kila alasiri mavuno ya shamba letu yalimwagwa uani, na wasichana wa jirani wakaja kukaa kuzunguka lundo, wakitenga karafuu na makonyo yake, vile vijiti vinavyozishika. Kazi ile ni ya vidole viwili vya haraka na mdomo mmoja wa haraka zaidi. Hucheka, husengenya, hutegeana vitendawili, hutaniana juu ya wachumba ambao hawajazaliwa. Dirisha la chumba chake lilitazama uani. Miaka yote alikuwa akisikiliza.

"Kuchambua kunataka mikono miwili," nilisema, na mara nikajisikia ninavyofanana na wengine.

"Ninayo miwili, mjomba. Mmoja mzito tu."

Nilimfungua kanga, nikamletea shada la karafuu. Alilichukua kwa mkono wa kushoto, akapitisha konyo katika tundu la ile ngumi ya kulia, akalisukuma mpaka likakaza. Kisha akaanza kuzinyofoa karafuu kwa vidole vya kushoto. Ngumi ile ile ambayo hospitali ilitaka ifunguke ndiyo iliyoshika. Ilishika kama koleo. Konyo lilipobaki tupu, akalisukuma nje, akadai jingine. Nilimletea kikapu.

Mama alirudi, akatukuta. Alisimama na ndoo kichwani, maji yakimchirizika shingoni, akatazama.

"Anachambua," alisema.

"Anachambua."

"Safi?"

Akatua ndoo, akainama akaziangalia. Zilikuwa safi. Alasiri mama hakumfunga, na msichana alipoomba atolewe nje, alitolewa. Nisimpambe mama: msimu ule wachambuaji walikuwa haba, na lundo lilikuwa linaanza kupata joto na kuharibika. Wasichana walisogea wakampa nafasi. Mmoja alimwuliza, "Kumbe unajua kusema?" Akamjibu, "Nasema kuliko weye, husikii tu," na lundo zima likacheka. Jua lilipotua, muhogo na papa wa kukaanga vikaletwa kwa wafanyakazi, na mama akaja akamwinua mpwa wangu akampeleka ndani.

Mkono ule ule! Ulishika karafuu zetu alasiri nzima, karafuu zitakazokwenda kwenye vyakula vya watu wasiojulikana kote duniani, na hakuna aliyeona kinyaa. Kwa kazi ni halali, kwa tonge ni haramu. Nilisema hivyo kwa sauti, mbele ya wageni, na mama akaniambia nikapige kelele hizo huko barazani kwa wanaume, wao wana nafasi.

Lakini mtoto alianza kula. Bado alilishwa, bado chumbani, ila alikula, kwa sababu alikuwa na haraka ya kesho.

Tuliporudi hospitali, yule mtaalamu alikunjua ngumi, akapima kwa macho, akasikitika. Aliuliza kwa nini mkono haufungwi tena. Nilimwambia habari za karafuu. Nilikuwa nimechukua shada mfukoni, nikampa mtoto aonyeshe. Akaonyesha. Mtaalamu alitazama kwa heshima, kisha akasema kwamba hiyo ni kazi ya shamba, na mtoto anapaswa kucheza. Tena anatumia mkono usiotakiwa. Tena ngumi ikizoea kushika hivyo haitafunguka kamwe.

"Wewe ulisema mtoto hujifunza kwa kufanya jambo, na nyumbani ndiko anakoishi," nilimwambia.

Akasema nisichanganye mambo. Akasema ameona ugumu upo kwa familia, haishirikiani.

"Anasema nini?" aliuliza mama.

"Anasema hushirikiani."

"Mie?" Mama aliinuka. "Mie nisiyeshirikiana? Nimefunga mpaka mtoto kakonda kama ufito! Nimemtii huyu kuliko nilivyomtii marehemu baba yako! Mwambie achukue mbao zake akajengee nyumba. Twende zetu."

Sikutafsiri. Hakukuwa na haja. Mtaalamu aliniambia nina hasira nyingi kwa kijana msomi. Nilimwambia ni kweli.

Basi bendeji ilikwisha, lakini sinia lilibaki. Nilijua ndilo jambo lenyewe. Mtoto angeweza kuchambua karafuu za Pemba nzima na bado akawa mtu anayetolewa kazini na kufichwa kwenye chakula. Asingekwenda chuoni, kwani huko watoto hula pamoja. Asingekwenda harusini. Mama angekufa siku moja, na mkono uliomlisha ungezikwa pamoja naye.

Mwisho wa msimu tulikuwa na hitima ya marehemu baba. Ndugu walikuja kutoka mbali, na miongoni mwao alikuwapo wifi wa mama kutoka Chokocho, dada wa baba, mwanamke ambaye kila alipoingia kwetu alipitisha kidole juu ya rafu. Uani palitandikwa majamvi. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jiko nikingoja sinia la wanaume, kwa hiyo niliyaona yote.

Sinia la wasichana liliwekwa karibu na lundo la mwisho la makonyo, pale walipokaa siku zote. Mpwa wangu alikuwa amekaa katikati yao akiongea. Hakuna aliyepanga. Chakula kilimkuta pale. Mama alikuwa akipakua. Alipogeuka akamwona, aliweka upawa chini akaanza kumwendea, haraka, ili amtoe kabla hajaonekana. Alichelewa. Wasichana walishasema bismillahi, na mpwa wangu, bila kumtazama mtu yeyote, alishatia mkono wa kushoto kwenye wali.

"Ee!" alisema yule wifi kutoka jamvi la watu wazima, kwa sauti ya kufika barazani. "Wifi, huyu mtoto hamkumfunza? Katia kushoto siniani!" Kisha kwa binti yake mwenyewe, aliyekuwa amekaa mkabala na mpwa wangu: "Inuka weye. Inuka, usile na huyo."

Niliona mama akisimama katikati ya ua. Mkono alikuwa ameshaunyoosha kumshika mjukuu wake begani. Hofu yake ya miaka yote ilikuwa imefika, iko mbele yake, imevaa kanga mpya na inatoka Chokocho. Nilidhani atamwinua mtoto. Nilijiandaa kufanya fujo katika hitima ya baba yangu.

Mama aliugeuza ule mkono akamwelekezea wifi yake.

"Mjukuu wangu ana udhuru," alisema. "Mwalimu mwenyewe kapitisha. Mwenye kuona kinyaa, jiko lile pale, atapakuliwa ale peke yake."

"Mie sikusema kwa ubaya, wifi."

"Umesema."

"Nimesema adabu tu."

"Adabu ni kumwinua mtoto kwenye chakula? Chokocho ndivyo mnavyofunzana?"

Binti wa yule wifi alikuwa ameinuka nusu, tonge likiwa mkononi. Akamtazama mama yake, akatazama samaki, akasema, "Mama, nna njaa," akakaa. Wanawake wawili watatu wakacheka chini ya mitandio. Yule wifi akala pale pale alipokuwa, kwa makini, kama anayetafuta mwiba.

Nilipaswa kufurahi. Hasira ilinipanda upya. Wiki na wiki nilimwekea mama hoja, nikamletea hukumu ya dini, nikamwonyesha mkono ukifanya kazi, na hakusogea. Alichohitaji ni kutukanwa na wifi yake. Na pengine, kama mgeni asingekuwa yule bali mtu mpole, aliyenyamaza tu na kusogeza tonge lake pembeni, mama angemwinua mtoto, naye angekuwa chumbani mpaka leo.

Wakati nikiwaza hayo, kelele nyingine ilizuka kwenye sinia la wasichana. Mpwa wangu alikuwa amenyoosha mkono kupita wali wote, mpaka upande wa pili, akachukua kipande cha samaki kilichokuwa mbele ya binti wa Chokocho.

"We! Huyo wangu!"

"Hana adabu huyu!"

"Kula mbele yako, mlafi!"

Wote walimshukia kwa pamoja, na si kwa sababu ya mkono. Alibaki na samaki hewani, amechanganyikiwa kweli. Kitoto cha miaka mitatu cha Kipemba kinajua adabu hiyo. Huipata pamoja na maziwa, mtu hakumbuki hata kafundishwa lini. Yeye hakuijua. Tulimwimbia kulia na kushoto tangu azaliwe, tukamchunga asile na shetani, na hakuna aliyewahi kumkalisha mahali ambapo angekuwa na upande wake wa sinia. Nilitamani kuupiga ukuta wa jiko kwa ngumi.

"Mbele yangu ndiyo wapi?" aliuliza.

Walidhani anawafanyia mzaha. Walipoona anauliza kweli, binti wa Chokocho akamnyang'anya samaki wake, akapiga mstari kwa kidole kwenye wali, mmoja huku na mmoja huku.

"Hapa mpaka hapa," alisema. "Vuka uone."